Taa ya Treni ya Ami Amjad

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Wafa na Prudence walilala kifudifudi kwenye zulia, wakitazama treni ndogo ikizunguka chini ya meza. Nchi yao haikuwa na reli hata moja, kwa hiyo treni ile waliipeleka popote walipotaka: mguu wa kiti ulikuwa Kigoma, kivuli cha kabati kilikuwa bahari. Taa yake ilipowapitia usoni, Prudence alitabasamu. Tangu vita vilipowafukuza kwao, mtaa wa Kinama, yeye na mama yake wakapewa chumba nyumbani kwa akina Wafa huko Rohero, upande mwingine wa mji, hakutabasamu kwa jambo jingine.

Treni ilikuwa ya Ami Amjad, fundi redio, mdogo wake baba yake Wafa. Ndani ya kichwa cha treni mlikuwa na dekoda, kifaa kidogo kama ukucha kinachopokea amri kutoka kwenye kisanduku cha vitufe. Ila ukiiamuru treni iende mbele, ilirudi nyuma.

"Nitaigeuza Ijumaa," alisema Ami Amjad. "Kwenye dekoda, namba ya kugeuza ni moja tu. Lakini msiiguse."

Wafa hakuweza kungoja. Ami alipotoka, alibonyeza vitufe kama alivyomwona akifanya, akafuta namba 6 iliyokuwemo, akaandika 1. Treni ikaenda mbele. Lakini ilipoongeza mwendo, taa ikaanza kuwaka na kuzimika, kama jicho lenye usingizi.

"Wafa, taa inakufa," Prudence alisema polepole.

"Apana, ni umeme tu."

Ami aliporudi, Wafa akamwambia vivyo hivyo. Siku hizo umeme wa mji ulikuwa wa kuja na kuondoka, ukiunguza vifaa, naye Ami akaamini.

"Basi dekoda imeungua," alisema, akichukua kisu. "Nitaitoa, na treni itasimama. Kupata nyingine labda vita viishe."

Prudence akageukia ukutani. Wafa akaona kisu kikizikaribia nyaya.

"Ami, usikate. Si umeme. Ni mimi, niliandika moja."

Ami akaweka kisu chini. Hakumgombeza. Alipanga vikombe vitatu vya kahawa, vyote vimefunikwa, midomo chini.

"Dekoda inajua ndiyo na hapana tu. Kikombe kilichosimama ni ndiyo, kilichofunikwa ni hapana. Cha kwanza ni moja, ile ya kugeuza, cha pili mbili, cha tatu nne. Kila kinachofuata ni mara mbili ya jirani yake." Akasimamisha cha pili na cha tatu. "Hii ndiyo sita yangu, mbili na nne. Ile mbili ndiyo inayoisaidia dekoda kusoma amri za mwendo na taa. Ulipoandika moja peke yake, ilikuwaje?"

Wafa akavifunika viwili, akasimamisha cha kwanza. "Nilizizima ndiyo zako zote."

Mkono ukapita kando yake. Prudence alikuwa amegeuka. Akavisimamisha vyote vitatu. "Saba," akasema.

Wafa akaandika 7. Treni ikaenda mbele, taa yake imetulia.

"Kuigusa bila ruhusa lilikuwa kosa, na tumelirekebisha," alisema Ami Amjad. "Uongo ulitaka kutunyima treni nzima. Ukikosea, binti yangu, sema mapema, ili anayetengeneza ajue pa kuanzia."

"Nimekuelewa, Ami. Nisamehe."

Jioni hiyo Prudence alimsimulia mama yake habari za vikombe mpaka chakula kikapoa, na mama yake hakumkatiza.