Mbweha wa Mama Kidoti

Simu ilikuwa imezima kwa kukosa chaji tangu jana, lakini mbweha alikuwa amekua.

Mama Kidoti, msusi, aliichaji, akaiwasha, akajikuna kichwa. Gemu ile ya mtandaoni ilimpunguzia uchovu akisubiri wateja, na ndani yake alifuga kitoto cha mbweha cha ngazi ya chini kabisa, dhaifu hata panya wa msituni walikionea. Alikiita Mnyonge. Wachezaji wenzake walimcheka: "Kitupe hicho, ufuge simba!" Naye akawajibu, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Akawa anakipigania, nacho kinapanda ngazi kwa kujikokota. Sasa kilikuwa kimeruka ngazi chungu nzima, bila yeye.

"Gemu imeharibika tu," alijiambia.

Mchana akafagia nywele za wateja, akazirundika nyuma ya mlango, akaenda kuchota maji. Aliporudi sakafu ilikuwa tupu, na saluni inanuka manyoya yaliyolowa. Kwenye simu Mnyonge alikuwa amepanda tena. Mgongoni ameota shungi jekundu, rangi ileile ya nywele zilizotiwa hina za mwalimu aliyekuja kupunguzwa nywele asubuhi.

Jioni ikaja habari: mwalimu ameanguka darasani, hajitambui.

Mama Kidoti akaifuta gemu. Ikarudi. Akazima simu, akaifungia kabatini, na ndipo aliposikia humo kabatini kitu kikilamba, taratibu, kama mbwa aliyepata sufuria, na harufu ile ikazidi hadi ikamkaba koo, akageuka kumtazama binti yake Kidoti aliyesinzia kwenye kochi la wateja, akaona nywele za mtoto, alizozisuka kwa mikono yake mwenyewe, zimefumuka zote na ncha zake zinadondoka mate.

Mtoto alikuwa anachemka kwa homa.

Akaichomoa simu kabatini, tayari imejiwasha, akambeba mtoto mbio hadi kwa bibi wa mtaa wa pili, mtabibu wa majini.

"Shikamoo bibi. Niokolee mwanangu!"

"Marahaba." Bibi aliitazama simu bila kuigusa, akanong'ona, "Alikuja mdogo ili umhurumie. Mimi simuwezi, aliyemlea ndiye wa kumwachia. Humo mna pa kumwachia?"

"Kipo kitufe."

"Kibonyeze. Na utakalolisikia, usilijibu."

Bibi akaanza dua. Kidole cha Mama Kidoti kilipokaribia kioo, simu ikalia kwa sauti ya Kidoti, "Mama, unanitupa? Mama, mimi si wako? Mama, huku giza," na Kidoti mwenyewe yuko mapajani, midomo imefumba, hatikisiki, na sauti ile inazidi kulia na kubembeleza, hata yule mama hakujua tena mwanawe ni yupi, akauma ulimi asijibu, akafumba macho, akabonyeza.

Kimya.

Kidoti akafumbua macho. "Mama, nina kiu."

Mama akamkumbatia, akalia kama aliyefufuliwa yeye. Bibi akafuta jasho. Baada ya kidogo, ikaja habari ya mwalimu: ameamka, anaomba uji.

Ndipo simu ya Mama Kidoti ikatoa mlio wa ujumbe, kutoka kwa mchezaji asiyemjua.

"Dada, yule mbweha uliyemwachia nimemwokota mimi. Maskini, kamerudi kadogo, kamenitia huruma. Ila mbona kanaongea? Kananiuliza, Kidoti ameshapona?"