Kipa wa Handeni na Glovu za Manundu

Walijuana sokoni Manundu, pale Korogwe, kwenye meza ya mitumba, watu wakigombania jezi utadhani zinagawiwa bure. Zamda, mwenye meza, dera la zambarau limemkaa vizuri, alimtazama yule kijana mrefu aliyepekua lundo zima bila kununua.

"Kaka, unatafuta jezi au mchumba?"

"Glovu za kipa. Mchumba utanipa kama chenji."

Alikuwa Awadhi, kipa wa Handeni. Glovu akamuuzia, na tangu siku hiyo simu hazikukatika, asubuhi "umeamkaje mpenzi", jioni "umekula nini", mpaka wajomba wa Awadhi wakaahidi kuleta barua ya posa Jumapili.

Balaa likaja Jumamosi. Handeni walishuka Korogwe kucheza fainali na wenyeji. Zamda alifika uwanjani na kilemba kipya, marashi yananukia, akamkuta Awadhi kando ya gari la timu, glovu kwapani. Jasho linamchuruzika, mikono inatetemeka hadi kamba za viatu zimemshinda.

"Jamani mpenzi, nipe mkono nikupoze."

Awadhi akaficha mikono mgongoni.

"Zamda, hizi glovu ulizipitisha wapi?"

"Kuzipitisha? Nilizifua kwa sabuni ya unga!"

"Kamati ya ufundi wamesema mikono yangu imechezewa. Na wewe ni mtoto wa Korogwe."

Wazee wa kamati, wale wa dawa za timu, walikuwa wanatazama. Awadhi akazitupa glovu miguuni pa Zamda. Mtu akacheka. Zamda hakungoja filimbi; na alipofika sokoni, umbea ulishamtangulia: mchawi wa glovu huyoo!

Alasiri akatokea Awadhi, anahema.

"Tumeshinda, mama watoto! Nimepangua penalti mikono mitupu! Na ilitetemeka vilevile, mwanzo mwisho. Kocha kaniambia siyo dawa, ni mwili unajipasha kabla ya kazi. Kumbe hata shuleni nilikuwa hivi. Nisamehe."

Moyo wa Zamda ukalegea. Alimpenda, angemficha nani? Lakini akauliza taratibu:

"Na mngefungwa, Awadhi?"

Awadhi akashika jezi moja mezani, akaigeuzageuza kama anatafuta bei.

Zamda akaanza kukunja turubai lake.

"Wapigie wajomba zako, kesho wasije. Waje wiki mtakayofungwa."