Deni la Fundi Saa

Bi Mahbuba wa Mawaleh hupika sambusa, na watu wa Mawaleh huzila. Mpango huo una miaka kumi na moja na haujavunjika hata siku moja. Akishasali alfajiri hukanda unga, hukata manda, hukaanga nyama kwa bizari na ndimu. Sambusa zilizokunjwa huzitia kwenye firiza kubwa. Mikate ya ufuta huioka kwenye oveni. Firiza na oveni alizinunua mwenyewe kwa pesa za sambusa, na risiti zake anazo.

Mumewe, Sleyum, alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa Ruwi, dogo, upana wa mlango mmoja. Sleyum aliweza kuifungua saa ndogo ya kike, akaitengeneza na kuifunga bila kupoteza skrubu moja. Lakini karatasi za ofisi hakupatana nazo kabisa. Bahasha ya serikali ingeweza kukaa juu ya meza yake wiki nzima, naye anaitazama tu.

Macho yalipochoka, alishusha mlango wa bati, akamrudishia mwenye jengo funguo zake, akaenda nyumbani.

"Khalasi, nimefunga," alimwambia mkewe.

Kweli alifunga duka. Leseni hakuifunga. Hakwenda manispaa kusema kwamba biashara imekwisha, na huko manispaa duka la Sleyum likaendelea kuwa hai. Juu ya ada ya zamani ambayo hakuwa ameilipa, ikahesabiwa ya mwaka wa kwanza, ikahesabiwa na ya wa pili. Katikati ya mwaka huo wa pili Sleyum akafariki.

Siku ya mazishi, Maalim Fahd, kaka yake Bi Mahbuba, alisimama mbele ya watu kama ilivyo desturi. Akasema, "Anayemdai marehemu na aje kwetu." Hakuja mtu. Bi Mahbuba akashukuru Mungu, akaingia edani, miezi minne na siku kumi.

Wiki ya tatu ya eda, mlango uligongwa. Alikuwa mtu wa mahakama, ameleta karatasi. Bi Mahbuba hakufungua.

"Nimo edani, baba," alisema nyuma ya mlango. "Mwenye nyumba hayupo."

Bahasha ikapitishwa chini ya mlango. Bi Mahbuba akaiokota, akasoma jina la mumewe juu yake, akaitia kwenye mtoto wa meza wa Sleyum, pamoja na koleo zake ndogo. Kwao vitu vya marehemu havichokolewi mpaka eda iishe. Ikaja bahasha ya pili. Ikaja ya tatu. Zote zikaingia humo humo. Heshima ni jambo zuri, jamani, lakini tarehe za mahakama hazikai eda.

Alkhamisi moja, alasiri, alikuja Nyambura kuchukua sambusa hamsini za watu wa kanisa lake. Nyambura ni Mkenya, anaishi nyumba ya pili. Kwa miaka tisa amefanya kazi katika ofisi ya mawakili kule Ruwi. Hupokea wageni, hupanga mafaili, hupika chai. Yeye na Bi Mahbuba hutaniana kila wakionana, kila mmoja akidai Kiswahili cha mwenziwe kimepinda.

Hata hawajamaliza kuhesabu sambusa, mlango ukagongwa. Bi Mahbuba akajifunika vizuri, akaufungua kidogo. Nje palikuwa na mwanamume wa makamo, kanzu imepigwa pasi, faili mkononi.

"Nimetumwa kukusanya deni la Sleyum," alisema kwa Kiarabu. "Riali mia nne na thelathini. Ulipe leo, taslimu. Usipolipa, kesho tunakuja na gari. Tutachukua firiza, tutachukua oveni."

Bi Mahbuba aliitazama firiza. Mlikuwa na sambusa mia sita za harusi ya watu, na harusi ilikuwa Jumamosi.

"Pesa hiyo sinayo, baba," alisema.

Yule mtu akachungulia ndani. "Hata dhahabu napokea."

Bi Mahbuba akarudi ndani, akatoa sandukuni bangili zake mbili za mahari, alizozivua alipoingia edani. Nyambura akamshika mkono.

"Mama Loay, ngoja kwanza," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. "Unafanya nini?"

"Namlipia mume wangu. Huyu anamdai. Nyambura mwanangu, roho ya maiti huning'inia kwa deni lake mpaka lilipwe. Basi mie nile, nilale, naye Sleyum amefungwa huko? Bora zende hizi bangili."

"Sijasema deni lisilipwe. Nauliza unamlipa nani. Unamjua?"

Bi Mahbuba akatikisa kichwa. Hakumjua.

"Basi rudisha hiyo dhahabu kwa sanduku," alisema Nyambura, akaenda mlangoni mwenyewe. Kiarabu chake ni cha ofisini, kimekatikakatika, lakini hakimwonei mtu haya.

"Salaam, ndugu. Naomba kuona kitambulisho chako cha kazi."

"Wewe nani?"

"Mimi jirani. Kitambulisho."

Yule mtu akasema amekisahau kwenye gari.

"Sawa. Amri ya mahakama iko wapi? Namba ya kesi ni gani?"

"Iko ofisini."

"Na ukipewa hiyo dhahabu, risiti utaandika sasa hivi?"

"Risiti baadaye."

"Basi na wewe kuja baadaye," alisema Nyambura. "Uje na kitambulisho, amri na risiti. Mama hajakataa kulipa. Amekataa kulipa kwa mlango."

Mtu yule akamtazama, akatazama faili lake, akaondoka bila kuaga. Hakurudi tena. Kama alikuwa mwongo au mtu wa kampuni fulani mwenye tamaa ya haraka, hatukuwahi kujua.

Bi Mahbuba aliketi kitini, bangili zimo kiganjani.

"Nyambura, umemfukuza. Akija na hilo gari kesho?"

"Hawezi kubeba kitu bila amri ya mahakama, na amri ina karatasi. Sasa niambie ukweli. Kuna barua yoyote imekuja hapa?"

Bi Mahbuba akainamisha kichwa. Akanyanyuka, akavuta ule mtoto wa meza, akatoa bahasha tatu.

"Ah, Mama Loay!"

"Usinigombeze. Nimo edani."

"Sikugombezi. Fungua."

Hapo ikatokea shida nyingine. Nyambura huyaelewa maneno yote ya mahakama, maana huyasikia kila siku kazini, lakini herufi za Kiarabu hajui kuzisoma. Bi Mahbuba naye amesoma chuo cha Kurani tangu mtoto, kule Unguja, herufi hazimpigi chenga. Kiarabu cha nyumbani na cha sokoni anakijua. Kiarabu cha mahakama kinapita juu ya kichwa chake kama ndege.

"Basi wewe soma kwa sauti," alisema Nyambura. "Mimi nitakuambia maana."

Wakakaa hivyo, vichwa pamoja. Mmoja anasoma asichokielewa, mwingine anaelewa asichoweza kukisoma. Kila neno gumu Bi Mahbuba alilitamka mara mbili, polepole, na Nyambura akalishika.

"Hiyo ni manispaa... Hiyo ni ada ya leseni ya duka... Hilo ni utekelezaji. Maana yake mahakama imeambiwa ikusanye deni. Kiasi ni ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili."

"Unaona? Yule jamaa alisema mia nne thelathini. Endelea. Tarehe?"

Bi Mahbuba alisoma tarehe, kisha akaisoma tena. Ilikuwa Jumapili ijayo. Siku tatu tu.

"Lazima mtu aende," alisema Nyambura. "Mtu asipoenda wala asiseme kitu, wao wanaona amekataa kulipa. Hapo ndipo vitu huandikwa na kuchukuliwa. Ukienda ukaongea, mambo huwa mengine."

"Loay yuko kazini Sohar. Na mimi sitoki, mwanangu. N'kitoka watu watasema Mahbuba kamvunjia mumewe eda."

"Hiyo sheria yenu mimi siijui. Muulize anayejua."

Bi Mahbuba akampigia simu Maalim Fahd. Alijieleza kwa sauti ndogo, akingoja kukemewa. Kaka yake akacheka kwa upole.

"Mahbuba, nani kakwambia eda ni jela? Mjane mwenye haja hutoka mchana, akarudi kulala kwake. Na haja gani iliyo kubwa kuliko deni la marehemu? Nenda, bibi. Watu watasema? Watu hawataacha kusema."

Bi Mahbuba aliweka simu chini, akavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza siku ile alikumbuka kumpa Nyambura chai.

Jumapili asubuhi walikwenda mahakamani pamoja. Nyambura aliomba ruhusa kazini. Bi Mahbuba alichukua bahasha zote tatu, cheti cha kifo, risiti za firiza na oveni, na kila karatasi ya duka iliyokuwa kwenye ule mtoto wa meza. Dirishani walipokewa na mwanamke kijana. Kibao chake kilisema Hajar. Aliposikia Bi Mahbuba anavyomnong'oneza Nyambura, akatabasamu.

"Karibu, bibi. Wa wapi Unguja?"

"Kikwajuni."

"Bibi yangu wa Vuga. Haya, n'ambie, kuna nini?"

Bi Mahbuba akamweleza yote. Akamweleza bahasha, na yule mtu wa mlangoni, na bangili. Hajar alitazama kompyuta, akatikisa kichwa.

"Sisi hatujamtuma mtu kuchukua pesa wala dhahabu mlangoni. Anayekuja kwa amri ya mahakama hukuonesha kitambulisho na amri yenyewe. Na malipo hufanyika kwa njia ya serikali, ukapata risiti papo hapo. Yule kakukosa, na wallahi umefanya vyema."

"Na firiza yangu?"

"Ya nani ile? Yako au ya marehemu?"

"Yangu. Hizi hapa risiti."

"Basi sikiliza vizuri, bibi. Deni hili ni la marehemu. Hulipwa kutoka kwenye mali aliyoiacha yeye, kabla warithi hawajagawana kitu. Halilipwi kwa mali yako wewe. Firiza yako ni yako. Oveni yako. Bangili zako za mahari ni zako."

Bi Mahbuba alimtazama kama hakusikia.

"Kwa hivyo hawatachukua?"

"Hawatachukua."

Akashika ukingo wa dirisha. Machozi yalimtoka, na hakuyaonea haya. Zile sambusa za harusi alizikaanga huku akiiaga firiza yake.

"Lakini deni lipo," aliendelea Hajar, "na lazima lilipwe. Marehemu kaacha nini?"

"Kaacha pikapu."

"Inatosha. Andika ombi la kupewa muda mpaka pikapu iuzwe. Mwenye kuja mapema akasema ukweli husikilizwa. Na hebu, duka lilifungwa lini?"

Bi Mahbuba akapekua karatasi. Moja ilikuwa ya kukata umeme wa duka, ina tarehe, ina muhuri. Sleyum, ambaye hakupenda karatasi, hii alikuwa ameiweka.

"Hii ipeleke manispaa," alisema Hajar. "Uwaombe waifunge leseni sasa, na waitazame upya ada ya baada ya tarehe hii. Siwezi kukuahidi watakavyojibu. Lakini asiyeomba hapewi."

Nyambura akamgusa Bi Mahbuba begani. "Umesikia? Huyu anasema kama wakubwa wangu, tena bila kukutoza."

Wakacheka, wote watatu.

Muda wa kuuza pikapu wakapewa. Leseni ikafungwa siku ile ile waliyokwenda manispaa. Baada ya wiki kadhaa likaja jibu la ombi: ada ya baada ya duka kufungwa imeondolewa, imebaki ile ya zamani, riali mia moja na arubaini. Safari hii bahasha haikulala hata nusu saa. Bi Mahbuba aliifungua akiwa bado amesimama, akampigia Nyambura kazini, akamsomea neno kwa neno.

Eda ikaisha. Loay akaja kutoka Sohar, akauza pikapu kwa bei nzuri. Wakaenda wote mahakamani kulipa. Wakapewa risiti, na baada yake ile barua ambayo Hajar aliwaambia wasiondoke bila kuichukua, barua ya kwamba deni limekwisha.

Loay alinyoosha mkono kuitia mfukoni. Mama yake akamzuia.

"Hajar mwanangu," alisema, "nisomee. Kwa Kiswahili. Nnataka kuisikia."

Hajar akasoma. "Marehemu Sleyum, fundi saa wa Ruwi, amemaliza deni lake lote. Hadaiwi kitu."

Bi Mahbuba alifumba macho.

"Soma tena."

Hajar akasoma tena, polepole zaidi. Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu, na hakuna aliyewaharakisha.