Msumari wa Babu

Kila Jumamosi tulikaa barazani kumenya kamba. Baba aliwavua na kuwaleta asubuhi kwa boti yake. Bibi Elmina alikuwa na kisukari na macho yake yalikuwa dhaifu, lakini alimenya haraka kuliko mimi.

"Celestine, unamvua kamba kama unamvua bibi harusi! Harakisha, bamia zinaiva."

Kwenye mwimo wa mlango wetu palikuwa na misumari mitatu. Babu aliipigilia zamani. Kila baada ya kimbunga, aliweka msumari pale maji ya hori, ule mkono wa bahari karibu na nyumba yetu, yalipofika. Wa juu kabisa ulinifika begani. Baba alitengeneza rafu juu yake. Hapo tuliweka hati zetu na kiboksi cha barafu chenye dawa ya sindano ya Bibi.

Jumamosi moja ya Agosti alikuja jirani yetu Odile. Kazi yake ni kupima kina cha maji wilayani. Alikuwa na ufito wake wa kupimia mkononi.

"Odile, umekuja kunipima jeneza?" Bibi aliuliza.

"Shangazi, kwa mdomo huo hakuna jeneza litakalokutosha." Kisha akamgeukia Baba. "Kaka Alcide, kimbunga kinakuja. Kesho basi linachukua watu kuwapeleka mahali salama. Mpeleke shangazi."

"Maji hayajawahi kupita msumari wa baba yangu. Miaka hamsini!"

"Msumari uko kwenye nyumba. Nyumba iko kwenye udongo, na udongo wetu unadidimia kila mwaka. Msumari umeshuka, kaka. Na bahari imepanda."

"Si mataifa yalikubaliana joto la dunia lisipite mpaka?"

"Yalikubaliana. Lakini joto linaelekea kuupita. Bahari ikipata joto, maji hutanuka na vimbunga hupata nguvu. Usijiandae kwa maji ya zamani. Jiandae kwa maji ambayo hujayaona."

Baba alicheka. "Ufito wako una umri gani? Usishindane na msumari wa mzee."

Mimi nilimwelewa Odile. Nilitaka kusema, "Baba, twende." Badala yake niliinama nikaendelea kumenya kamba.

Kesho yake basi lilipita. Dereva alipiga honi mara mbili. Baba akampungia mkono aende.

Mchana uliofuata maji yalifika msumari wa kwanza. Yakafika wa pili. Yalipofika wa tatu, Baba alisema, "Hapo basi."

Hayakusimama. Baba alimbeba Bibi mgongoni, tukapanda darini. Chini yetu rafu iling'oka. Niliona kiboksi cha dawa kikielea, kikatoka dirishani.

Tulikaa darini siku tatu. Joto lilikuwa kama la tanuri. Bila sindano yake, Bibi aliomba maji, akanywa, akatapika, akaomba tena. Asubuhi ya tatu hakuomba.

Odile alitufikia mchana kwa boti. Baba alimtazama, akingoja aseme, "Nilikuambia." Odile alivua koti lake akamfunika Bibi.

Baada ya mazishi, Baba aling'oa misumari yote mitatu. Akamwendea Odile. "Nifundishe," alisema.

Odile alitufundisha. Hati na dawa za wiki mbili tuliziweka kwenye mfuko usiopitisha maji, karibu na mlango. Dawa inayotaka ubaridi ichukuliwe na barafu yake siku ya kuondoka. Tukisikia onyo la kwanza, tunaondoka. Hatungoji kuona maji. Nyumba tuliiinua juu ya nguzo ndefu. Urefu wake Odile aliupima kutoka usawa wa bahari, si kutoka kwenye mlango wetu.

Baada ya miaka miwili kimbunga kingine kilitangazwa redioni. Baba alikuwa bado anakunywa kahawa.

"Baba, inuka," nilisema. "Twende."

Aliinuka. Tulikuwa wa kwanza kupanda basi.

Tuliporudi, alama ya tope kwenye nguzo ilikuwa juu ya kichwa cha Baba. Sakafu yetu ilikuwa kavu.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Safari hii mliwahi, mzee!"

Baba alitazama mahali Bibi alipozoea kukaa barazani.

"Tumechelewa miaka miwili," alisema.