Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

Jioni hiyo Sadrack Kalenga alienda mtaa wa Dilala kubadilisha kufuli tu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na hii ndiyo nyumba yake ya kwanza: nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi, paa limeliwa na kutu. Mwenyewe angelala sebuleni, vyumba vitatu apangishe. Wenzake walikuwa bado wapangaji. Wajinga.

Jirani yake Mama Tshilombo, mjane muuza makaa, alimwita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Tata Sadrack, ile chumba ya nyuma, usiweke mutu. Chini kuko batu."

"Mama, uza makala yako. Nyumba uniachie mi."

Mama akainamisha macho. Sadrack akafurahi.

Alipogeuka, mwanamume alikuwa amesimama getini. Hakuna pikipiki iliyosikika ikimleta. Mwembamba, miguu mitupu, tope jekundu hadi magotini... na mvua haijanyesha miezi mitatu. Alinuka udongo wa shimoni.

"Bailleur," alinong'ona, akimwita mwenye nyumba. "Mi nataka chumba. Ile ya nyuma."

Mchimba kobalti, Sadrack aliwaza kwa kinyaa. Panya wa mashimo. Lakini chumba kitupu hakimfai mwenye nyumba.

"Utaoga kwanza. Sitaki tope mu nyumba yangu."

"Ndiyo, bailleur. Unaniruhusu niingie?"

"Ingia basi! Unataka nikubebe?"

Mtu yule akapita. Hakuuliza njia. Akashika korido yenye giza, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango.

Kimya.

Kisha... ko. Ko. Ko.

Chuma juu ya jiwe.

"Unavunja sakafu yangu, we mbwa?" Sadrack akausukuma mlango, akamulika kwa simu.

Hakukuwa na mtu.

Dirisha lilikuwa na nondo. Saruji ilikuwa nzima, bila ufa. Nyayo za tope zilifika katikati ya chumba, zikakoma hapo.

Ko. Ko. Ko...

Sasa chini ya viatu vyake.

Alijikuta uani kwa Mama Tshilombo, anahema. Mama hakumcheka.

"Mwenye nyumba wa kwanza alichimbisha shimo ya kobalti mule," alisema taratibu. "Bachimbaji batano. Udongo ukabafunika. Hakuita mutu. Akamwaga simenti."

"Walikuwa wamekufa?"

"Siku mbili tulisikia banagonga." Akamtazama. "Ule mutu niliona ku geti... ulimwambia aingie?"

Sadrack akageuka kulitazama geti lake.

Asubuhi alijidharau kwa kukimbia kwake. Akamleta fundi Muteba avunje saruji. Muteba alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni. Halafu akakusanya vyombo vyake akaondoka, bila kuaga.

Jua lilipozama Sadrack alikuwa anafunga geti akalale kwa dada yake, mjini Fungurume.

Wanaume wanne walikuwa wamesimama nje. Bega kwa bega. Tope jekundu.

"Bailleur," alisema mmoja, na udongo ukadondoka mdomoni mwake. "Ndugu yetu anasema umefungua."

"Nyumba... nyumba imejaa."

"Hapana. Tunaijua."

Nyuma ya Sadrack, ndani, mlango ukalia. Miguu yenye tope ikaanza kuja kwenye korido, bila haraka, kama mwenye nyumba anayekwenda kupokea wageni wake.