Jina la Mtoto Anayelia

Kila alipotoka shule, Dafroza alimpokea mdogo wake mgongoni ili mama yake, Esta, arudi kwenye shamba la mihogo. Dafroza alikuwa na miaka kumi na mmoja, na agizo lilikuwa moja: mtoto akiwa na kiu, apewe maji yaliyochemshwa. Lakini kuni zilipatikana mbali, na wenzake walikuwa wanacheza rede. Kwa hiyo alichota maji ziwani, akamnywesha hivyo hivyo.

"Umechemsha?" mama aliuliza kila jioni.

"Ndiyo, mama."

Mtoto akaanza kuharisha. Akalia siku mbili mfululizo.

Kijijini kwao, karibu na kivuko cha Kisorya, wazee waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo anadai jina la marehemu aliyerudi ndani yake. Bibi Nyamburi akampakata, akawaita wafu wa ukoo mmoja mmoja.

"Ni wewe, Mseti? Ni wewe, Makongoro?" Mtoto alizidi kulia. "Ni wewe, Leodgar?"

Mtoto alikuwa amechoka. Akanyamaza.

Wote wakamgeukia Dorotea, mjane wa Leodgar. Mumewe alifariki mwaka uliotangulia, maduka yakiwa matupu, hata kitambaa cha sanda hakikupatikana, akazikwa ndani ya magunia mawili yaliyoshonwa pamoja.

Asubuhi kilio kilianza upya. Wenceslaus, baba yake Dafroza na kaka yake Leodgar, akasimama mlangoni kwa Dorotea.

"Mdogo wangu anaona baridi huko aliko! Ulimzika kwenye gunia kama makopa ya mihogo!"

"Shemeji, nilipanga foleni Bunda siku tatu. Kitambaa kiliishia kwa walio mbele yangu. Si ulikuwepo?"

"Usinijibu! Rudi kwenu Ukerewe."

Vijana wakapanda juu, wakang'oa nyasi za paa Dorotea akiwa bado ndani. Watoto wakaimba, "Mke wa gunia! Mke wa gunia!" Dafroza naye aliimba, tena kwa sauti kuliko wote, maana aliogopa kuulizwa habari za maji.

Dorotea alitoka na chungu kimoja. Alipompita mtoto mgongoni kwa Dafroza alisimama, akafungua khanga yake pekee iliyokuwa nzima, akamfunika. Akabaki na gauni lililochanika begani.

"Kama ni yeye na anaona baridi, basi hii ni yake," alisema. Kisha akamshika Dafroza kichwani. "Pole kwa kubeba, mwanangu. Najua unachoka."

Akashika njia ya kivukoni, watoto wakimtupia maganda ya mihogo.

Dafroza akamgeukia baba yake.

"Baba, si baba mdogo! Ni mimi! Sikuchemsha maji. Hata siku moja sikuchemsha!"

Wenceslaus aliinua mkono, akaushusha. Esta alikuwa ameshamnyakua mtoto na kukimbilia zahanati. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama.

"Mngengoja mpaka jioni mngekuwa mnatafuta mbao za jeneza," muuguzi alifoka, huku akimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko.

Siku ya tatu mtoto alinyonya. Wenceslaus akavuka kwenda Ukerewe kuomba radhi. Ilimchukua juma zima hadi Dorotea akubali. Dorotea aliporudi alimkuta Dafroza anakata nyasi za kuezekea, viganja vimechubuka. Aliitikia salamu, lakini hakutabasamu.

Jioni ile Bibi Nyamburi alimkalisha mjukuu wake karibu.

"Katekista anasemaga wafu wanangoja ufufuo. Sisi wazee tunasemaga wanarudi katika majina ya watoto. Mimi sijafika huko, sijui. Lakini kwa katekista na kwa wazee, sijasikia hata mmoja akisema marehemu anamtesa mtoto ili mjane wake afukuzwe. Hilo tulilitunga sisi wenyewe tulio hai, na mimi nikiwa wa kwanza. Wewe ulidanganya kwa uvivu. Sisi wakubwa tukamsingizia maiti, kwa kuwa hawezi kujitetea. Ukikosea, mjukuu wangu, sema mapema, kabla kosa lako halijatafutiwa mtu mwingine wa kulibeba."