Ujumbe wa Mama Madumu

Kila alipotoka shule, binti wa fundi alibadili sare, akala upesi upesi, kisha akakimbilia gereji ya baba yake kuosha nati. Alizitumbukiza kwenye kopo la dizeli, akazisugua kwa mswaki mkuukuu na kuzianika juu ya gunia. Kazi yenyewe haikuwa na sifa yoyote, lakini aliipenda, na hakuvumilia mtu wa kumdharau akiifanya.

Mama Madumu, kwa bahati mbaya, alikuwa na ulimi wa upanga. Alisambaza maji ya madumu kwa pikipiki yake ya magurudumu matatu, na mteja wake mkubwa alikuwa zahanati. Siku hiyo aliingia gereji akifoka tangu mlangoni. Springi za nyuma zilikuwa zimechoka, na akipakia mzigo bodi ilikuwa inasugua matairi.

"Kuna njia mbili," fundi alimwambia. "Nikikufungia springi za mviringo na shokapu, utakaa raha, ila kwa maji yako zitalala. Nikikuwekea springi za majani, hivi vyuma bapa vinavyolaliana, zitabeba vizuri, lakini bila mzigo zitakurusharusha."

"Kwani nimekuja kutafuta raha? Weka majani! Na usinipotezee muda."

Fundi akalala chini ya chombo. Ekseli, yaani chuma kinachoshika magurudumu yote mawili ya nyuma, ilitakiwa ifungwe kwenye springi hizo kwa bolti zilizopinda. Binti yake alimpa nati moja baada ya nyingine. Moja ikamponyoka na kubiringika hadi mtaroni.

"Huyu ndiye msaidizi wako?" Mama Madumu akaangua kicheko. "Hata nati inamkimbia! Mrudishe nyumbani akaoshe sufuria."

Madereva waliokuwa wakisubiri zamu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti alichokora matope, akaitoa ile nati, machozi yakimlengalenga. Tangu dakika ile alimchukia yule mama.

Jioni, Mama Madumu alipokuwa akitoa chombo chake, fundi alikuwa tayari amejilaza chini ya kingine. "Mwanangu, mkimbilie umwambie," alisema. "Kesho akishabeba mzigo wa kwanza, apite hapa nikaze bolti upya. Majani mapya yakipata uzito hushuka, nati zikabaki zimelegea. Asipopita ni hatari."

Binti alimkuta barabarani anawasha injini.

"Nini tena, mpoteza nati?"

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Akayameza. "Hakuna kitu," alijibu, akageuka.

Siku mbili baadaye Mama Madumu alirudi akiisukuma pikipiki yake, mkono mmoja umefungwa kitambaa, gauni limelowa hadi magotini. Ekseli ilikuwa imehama upande mmoja. Gurudumu lilikuwa limegusana na bodi, na tairi limechanika.

"Tazama kazi yako!" alimpigia fundi kelele. "Nimeanguka, maji yote yamemwagika! Zahanati wamesema wasipopata maji kabla ya jioni wanamchukua mtu mwingine. Umenifungia nini wewe, kamba?"

"Nilikuagiza urudi nikaze bolti."

"Uliniagiza lini?"

Fundi akamgeukia binti yake. "Ulimwambia?"

Watu wote walimtazama. "Nilimwambia, baba."

"Basi umesikia," fundi alisema. "Mwanangu hasemi uongo."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi?"

"Umejitaja mwenyewe. Ondoa chombo chako hapa."

Madereva wakaanza kuguna. Mmoja alisema kwa sauti kwamba watu wengine wakiharibu vitu vyao hutafuta wa kumbebesha lawama. Mama Madumu aligeuza chombo chake. Akaanza kuisukuma pikipiki kwa mkono mmoja, tairi likikwaruza ardhi, na hakuna hata mtu mmoja aliyenyanyuka kumsaidia.

Kwa siku mbili binti alikuwa ameomba amwone mama huyu akiaibika. Sasa alimwona, na hakupata furaha yoyote. Alijisikia vibaya.

"Baba!" alipaza sauti. "Sikumwambia! Alinicheka, nikakasirika, nikanyamaza kwa makusudi."

Alitegemea kofi. Baba yake hakuinua hata mkono. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole sana, huku uso umembadilika.

"Nimemwita mtu mzima mwongo mbele ya watu, kwa sababu nilikuamini wewe," alisema. "Sasa simama hapo uone ninavyokwenda kuyameza maneno yangu."

Akatoka, akamfikia Mama Madumu barabarani. Mbele ya wale wale madereva alisema kwa sauti, "Mama, umesema kweli. Kosa limetoka kwangu. Nisamehe." Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwahi kumwona baba yake akiinamisha kichwa kwa mtu.

"Toba yako haichoti maji," Mama Madumu alijibu kwa ukali. "Tengeneza."

Fundi aliwapigia simu zahanati, akaeleza kwamba kosa ni la gereji na kwamba maji yatafika. Kisha akainua chombo kwa jeki, akainyoosha ekseli, akaweka tairi jipya kwa gharama yake. Binti alijaza madumu upya bombani, na jua lilipoanza kushuka yote yalikuwa yamepakiwa.

"Shikamoo, mama. Nisamehe," binti alimwambia Mama Madumu.

Mama Madumu alimkazia macho. "Nilikucheka vibaya, hilo nalikubali. Lakini mimi nilikucheka tu. Wewe ungeniua." Akaondoka bila kuaga.

Binti alilia. Baba yake alimwacha alie, kisha akamwambia, "Mtu akikuudhi, mwambie kwamba amekuudhi, au njoo uniambie mimi. Ukificha neno linalolinda maisha yake, hujamkomoa, umemdhuru. Na ukidanganya, anayekupenda ndiye anayetangulia kuaibika. Kesho na keshokutwa utakwenda kwake kubeba madumu. Atakufokea. Utabeba."

"Ndiyo, baba."

"Na ujumbe wa kukaza bolti upya, umempa?"

Binti alitazama barabarani. Pikipiki ilikuwa haijafika mbali. Akakimbia huku akiita kwa nguvu zake zote, wala hakusimama mpaka Mama Madumu alipokanyaga breki na kugeuka kumsikiliza.